Mguu wa Ofillius Uliokataa Kuwa Mweusi

Kwetu fedha haing'ai. Ukimletea Mama Mefiti, mungu wa bwawa letu, pini ya fedha leo, kesho imeingia ukungu, na baada ya muda mfupi imekuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Ni hewa ya bwawa lake inayofanya hivyo, hewa ile ile inayonuka mayai viza na kuangusha ndege wanaojipitisha chini chini. Wageni kutoka mji wa Beneventi wakifika hushika pua kwanza, kisha hushika vichwa.

"Jamani, fedha yote hii mmeiacha iharibike! Hamna hata kitambaa?"

Sisi hucheka tu. Weusi ndio pumzi ya Mama. Akikipumulia kitu, amekipokea. Ukikifuta umemnyang'anya, na aliyemnyang'anya Mama Mefiti asije tena kumwomba chochote, hata dawa ya mafua.

Kwa hiyo kwenye boriti za hekalu letu vimening'inia viungo vya watu, shukrani za waliopona, vyote vya fedha na vyote vyeusi: masikio, matiti, mikono, matumbo ya uzazi, meno. Jicho la Bibi Staia ni dogo kama punje ya dengu, na limeiva weusi hadi huwezi kujua kama limefumbuka au limefumba. Bibi Staia hulisifu jicho hilo kuliko anavyowasifu wanawe, na ukiwajua wanawe humlaumu.

Sasa, Gaius Ofillius Bassus hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa tajiri wa sufu aliyetoka Beneventi akiwa na jongo mguuni na dawa zote za mjini zimemshinda. Alinunua shamba karibu na bwawa ili apakwe matope ya moto. Mpakaji alikuwa Petale, mtumwa wake. Petale ndiye aliyeyachota matope, akayabeba, akamkanda nayo, akamwosha, akamrudisha nyumbani amemwegemea begani kama gunia lililojifunza kulalamika.

Siku jongo lilipompanda hadi gotini, Ofillius alijitupa kwenye ngazi za hekalu mbele ya watu wote na kupiga kelele hadi mbuzi wakaacha kula wakasikiliza.

"Mama Mefiti! Nikitembea bila kushikwa, nakupa mguu wa fedha tupu, mkubwa kama huu! Na huyu Petale anayenikanda, siku utakapoupokea mguu wangu, siku hiyo hiyo namwacha huru! Mmesikia wote!"

Tulisikia wote. Shangazi yangu Vibbia, ambaye ndiye kuhani wa Mama, alisikia na akasema, "Mama amesikia pia. Sasa inuka, unazuia njia."

Na kweli akapona. Maumivu yalipotoka, hesabu zikaingia. Mtu akiwa anaumwa huahidi kama mfalme, akipona hutimiza kama muuza ndimu. Tulikaa tukisubiri tuone mguu utakuwa mdogo kiasi gani. Trebius mfinyanzi, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, aliwaambia watu kisimani kwamba Ofillius ataleta ukucha na kuapa kwamba mguu umebaki ndani yake.

Tulikosea. Ofillius aliuleta mguu mkubwa kuliko tulivyoota. Ulikuwa mguu mzima, kuanzia pajani, umevimba vile vile kama ulivyokuwa siku ya ahadi, na kwenye paja pamechorwa jina lake kwa herufi za kusomwa na mtu aliye upande wa pili wa bonde. Mbele walitangulia wapiga filimbi wawili. Nyuma alikuja punda mmoja amebeba mguu wenyewe. Punda huyo alikuwa akirukaruka.

Bibi Staia alimtazama punda, akamtazama Ofillius, akatutazama sisi.

"Fedha ya siku hizi nyepesi," akasema.

Tuliutundika. Ulipendeza, sikatai. Hekalu lote jeusi, na katikati mguu mmoja unang'aa kama mwezi ulioshiba. Ofillius alisimama chini yake mikono kiunoni.

"Nyie mmezoea vijicho na vikucha," alisema. "Hii ndiyo zawadi. Tazameni unavyowaka!"

"Tunatazama," shangazi akajibu.

Tukaendelea kutazama. Zabibu zikavunwa, mguu unang'aa. Theluji ikaanguka ikayeyuka, mguu unang'aa. Mwanamke mmoja wa kijiji cha juu alitundika sikio la fedha kando yake baada ya mwanawe kupona, na sikio likawa jeusi kabla mtoto hajaacha kudeka, lakini mguu, wapi. Hakuna mtu kwetu asiyejua maana yake. Kitu kinachofanana na fedha na Mama hakigusi ni kimoja tu, nacho ni bati.

Oo, tulicheka. Majira yale ya baridi hatukuhitaji kuni. Wanawake wakija kufua walikuwa wakisalimiana, "Umeamkaje?" "Nimeamka nang'aa kama paja la Ofillius." Trebius alifinyanga kimguu cha udongo akakipaka chokaa, akakitembeza sokoni akikipigia filimbi kwa mdomo. Ofillius mwenyewe hakujua kwamba tunajua. Kwao Beneventi kitu kinachong'aa ni kitu cha thamani, basi. Alikuwa akija na marafiki zake, akiwaonyesha juu kwa fimbo.

"Vya wengine vyote vimeoza. Wangu je? Mama ananipenda, hataki hata kuuchafua."

Aliyekuwa hacheki ni Petale. Alikuwa na mimba, na aliyempa mimba alikuwa Trebius. Jambo hilo nalo lilijulikana kwa wote, na Trebius hakulificha. Alikwenda kwa Ofillius kumwomba auziwe Petale amwoe kihalali, akajibiwa kwamba bwana hauzi. Na kwa nini auze? Mwanamke akizaa akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, mali ya mwenye nyumba, kama mwanakondoo. Akizaa akiwa huru hata tangu jana yake tu, mtoto ni wa watu. Basi mambo yote yalikuwa yamening'inia pale juu pamoja na ule mguu. Petale alikuwa akija kuchota matope, anainua macho, anakuta unang'aa, anarudi. Tumbo linakua, mguu unang'aa.

Siku moja nilikuwa nikikamua vitambaa vya hekalu nikamsikia akimuuliza Ofillius, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi.

"Bwana, ile ahadi yangu..."

"Ahadi iko pale pale, Petale. Nilisema Mama akiupokea. Nyinyi wenyewe si ndio mnasema weusi ndiyo dalili? Haya, weusi uko wapi?"

"Hakuna, bwana."

"Basi usinilaumu mimi. Mlaumu Mama. Mimi niko tayari hata leo."

Akamgonga bega kwa upole. Hapo ndipo nilipotambua kwamba desturi yetu hakuidharau hata kidogo. Aliipenda. Alikuwa ametoa bati akasifiwa kwa fedha, na juu yake akabaki na Petale, na mwanakondoo wake njiani.

Alipoondoka, Petale aliweka ndoo chini akamwendea shangazi. Bibi Staia alikuwa pale pale, kwa sababu Bibi Staia yuko pale pale siku zote.

"Mama Vibbia," Petale akasema, "upake ule mguu masizi."

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. "Niupake nini?"

"Masizi ya taa. Upake uwe mweusi, useme Mama ameupokea."

"Mwanangu, una homa? Mimi nimemtumikia Mama tangu sijavunja ungo. Nimpakie bati masizi nimwambie pokea, hii fedha? Na yule bepari asifiwe nayo?"

"Anasifiwa sasa hivi."

"Anachekwa sasa hivi!" Bibi Staia akadakia. "Hujatusikia? Tunamcheka mpaka mbavu zinauma. Juzi Trebius wako..."

"Nawasikia, bibi. Kila siku nawasikia." Petale hakupandisha sauti. "Kicheko chenu ni kizuri. Lakini yeye hakisikii, kwa hiyo hakimuumizi. Mnaenda kulala mmeshiba kucheka, na mimi naenda kulala kwake. Mtoto akizaliwa mtumwa mtamwimbia wimbo wa mguu wa bati? Atafurahi sana."

Bibi Staia akamgeukia shangazi.

"Tuseme ukweli basi," shangazi akasema. "Tumwambie mbele ya watu: hili ni bati."

"Mkimwambia, jioni hiyo hiyo nauzwa Beneventi, maana atasema mimi ndiye niliyetoa siri. Na mguu atautoa, na ahadi itakuwa haijafika. Mama Vibbia, wewe unaogopa kumdanganya Mama. Mama si ndiye aliyeukataa? Anajua ni bati kuliko sisi. Nani atakuwa amedanganywa?"

Shangazi akatazama lile tumbo.

"Masizi matupu hayashiki kwenye bati," akasema kwa hasira, kana kwamba Petale ndiye aliyeyaumba masizi. "Yanataka mafuta. Staia, nyumbani kwako kuna mafuta ya kondoo?"

"Yapo ya jana. Yana kitunguu kidogo."

"Lete."

Sikukuu ya Mama ilikuwa karibu. Ofillius alikuwa akigombea uhakimu wa mji mwaka ule, na alikuwa amewaalika mahakimu wawili waliokuwa madarakani waje waone zawadi yake inavyowaka. Alifika amevaa shuka la heshima, toga nyeupe iliyopaushwa kwa chaki hadi ukimkaribia unapiga chafya. Watu walikuwa wamejaa. Siku nyingine watu hawajai hivyo, lakini Bibi Staia alikuwa amepita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba aliiambia kuwa ni siri.

Ofillius akaingia na fimbo yake imeshainuliwa.

"Na ule pale, waheshimiwa, ni..."

Mguu ulikuwa mweusi. Ulikuwa mweusi tii, kuanzia paja hadi vidole, mweusi kuliko jicho la Bibi Staia. Chini yake alikuwa ameketi mbwa wa mchungaji fulani, ametulia, ameinua pua juu na macho yamemlegea kwa mapenzi.

Bibi Staia akapiga vigelegele. "Ameupokea! Mama ameupokea mguu wa bwana Ofillius!"

Hekalu lote likaitikia. Ofillius alisimama na fimbo yake hewani.

"Nani... nani kafanya hivi?"

"Mama," shangazi akasema. "Ulimtarajia nani?"

"Lakini hauwezi..."

Akashusha fimbo.

"Hauwezi nini, bwana Ofillius?" hakimu mzee akauliza. Alikuwa mtu wa kwetu hakimu yule, na jicho moja lilikuwa linacheka.

"Hauwezi... Sikutegemea utawahi hivi."

"Kuwahi?" Bibi Staia akasema. "Jicho langu halikufika hata wiki. Wako umekaa majira mazima ya baridi, tukaanza kukuonea huruma. Tukasema, Mama amemnunia huyu baba, au labda kuna walakini kwenye mguu. Kumbe ni ukubwa tu! Fedha nyingi namna ile, hata Mama ilibidi avute pumzi."

Ofillius akausogelea mguu. Alinusa. Mbwa naye akanusa, wakatazamana.

"Unanuka kondoo," akasema.

"Wewe si tajiri wa sufu?" sauti ikatoka nyuma, na kila mtu alijua ni ya Trebius.

"Na kuna kitu kama mafuta hapa. Huu si weusi wa... Hebu niguse."

Akanyoosha kidole. Shangazi hakumzuia. Alisogea pembeni kumpisha.

"Gusa," akamwambia kwa upole kabisa. "Desturi unaijua, ukifuta umemnyang'anya. Lakini mguu ni wako na jina ni lako. Ukishuku kitu, futa hapa mbele ya mahakimu, tuone chini yake kuna nini."

Kidole kilibaki hewani. Nilikitazama kidole kile kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Kilirudi nyuma kidogo, kikatafuta mahali pa kwenda, mwishowe kikaenda kukuna sikio la mwenyewe.

"Hapana," Ofillius akasema. "Nashuku nini mimi? Ni fedha tupu. Nimefurahi sana."

"Tunaona ulivyofurahi," hakimu mzee akasema. "Na nadhani uliahidi kitu kingine. Mimi sikuwepo, lakini naambiwa hata mbuzi walisikia. Hakimu niko hapa, mashahidi hawa hapa, kwa nini tusumbuane kwenda mjini? Binti yuko wapi?"

Petale alitoka nyuma ya nguzo. Alikuwa ametanguliwa na tumbo. Uso wake haukuwa na kitu chochote, hata mimi niliyejua yote sikuweza kuusoma.

Ofillius alimwekea mkono kichwani. Akamzungusha mara moja, kama inavyotakiwa mtumwa akiachwa huru, ingawa kumzungusha mwanamke wa mimba ile ni kama kugeuza mkokoteni uchochoroni. Akamwachia.

"Nataka mwanamke huyu awe huru," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Kisha, haraka, "Na tumbo je? Nilimwahidi Petale. Tumbo sikulitaja."

Watu waliguna. Hakimu akasugua paji la uso.

"Bwana Ofillius, jongo lako lilipokuja hapa, lilikuja peke yake au lilikuja nawe?"

"Lilikuja nami."

"Basi na tumbo linakwenda na mwenye tumbo. Amekuwa huru. Tukale."

Petale hakupiga magoti wala hakumbusu mtu mkono. Alitembea hadi mlangoni, akaegemea ukuta, akatapika. Trebius akakimbia kumshika nywele.

Mtoto alizaliwa kabla shayiri haijaiva, msichana, mwenye mapafu ya kutosha bonde zima. Hakuna aliyewahi kumwita mwanakondoo.

Mngependa kusikia kwamba Ofillius aliaibika. Alichaguliwa kuwa hakimu. Wanaume wale wale waliocheka kisimani majira yote ya baridi walimpigia kura, kwa sababu aliwaahidi bafu jipya lenye maji ya moto. Bafu hilo tunaliogea hadi leo kwa mawazo. Na wajumbe wa Beneventi walipokuja kumpongeza, ule mguu mweusi ndio uliotajwa kwenye hotuba yao: mtu mcha miungu, aliyetoa fedha nyingi kuliko mji mzima, na Mama akaipokea. Tulipiga makofi. Hatungeweza kufanya lingine, tulikuwa tumejifunga wenyewe. Shangazi alipiga makofi na uso kama amekula ndimu pamoja na maganda.

Kisha kiangazi kikaja.

Mafuta ya kondoo hayapendi kiangazi. Kwanza kisigino kilianza kutoa matone, jeusi moja, jeusi jingine. Halafu vidole. Mbwa akahamia pale moja kwa moja. Kufikia siku za joto kali, goti la hakimu lilikuwa limeanza kung'aa upya.

Ofillius alikuja mbio kwa shangazi.

"Kuhani, mguu unafunguka! Fanya kile ulichofanya."

"Nilifanya nini?" shangazi akamuuliza.

Wakatazamana. Yeye hawezi kusema, na shangazi hasemi.

"Mama alipumua," shangazi akasema. "Akitaka atapumua tena. Mimi ni mfagiaji wake tu."

Kwa hiyo siku hizi, adhuhuri jua likiwa utosini na watu wote wamelala, mtu akipita hekaluni atakuta ngazi imeegemezwa kwenye boriti, na juu yake hakimu wa mji, toga imefungwa kiunoni, chungu cha masizi mkono mmoja, anaupaka mguu wake. Hatumsumbui. Tunapita kimya, na jioni tukikutana naye tunamwamkia kwa heshima, tunatazama kucha zake, tunasema, "Umesali sana leo, mheshimiwa."

Wiki iliyopita ngazi ilikuwa inacheza. Petale alikuwa amekuja kuchota matope, ya kwake sasa, ya mgongo wa Trebius. Mtoto alikuwa amemlalia begani. Ofillius alimwona kutoka juu, na mazoea yakamshinda.

"Petale! Njoo unishikie ngazi."

Petale alisimama. Alimtazama yeye, akautazama mguu, uliokuwa mweusi hadi nusu ya paja.

"Ningekushikia, bwana," akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. "Lakini umesahau nyuma ya goti. Panaonekana kutoka barabarani."

Akabeba ndoo yake akaenda zake.